Waridi la Nyumbani Linataka Mkasi Kabla ya Dawa
Mazungumzo kwa wakazi wa Thika na Ruiru kuhusu utunzaji wa mawaridi



Mtu akipita asubuhi Ngoingwa, Section 9, Membley au Kahawa Sukari, ataona waridi karibu na malango mengi. Wengine wamelipanda ardhini kando ya ua. Wengine, hasa wapangaji wa ghorofani, wamelipanda katika ndoo kuukuu au mkebe wa rangi uliotobolewa chini. Kiambu ni miongoni mwa kaunti zinazokuza mawaridi ya kuuza ng'ambo, na familia nyingi za hapa zina mtu anayefanya kazi, au aliyewahi kufanya kazi, katika shamba la maua. Waridi, basi, si mgeni kwetu.

Shida ni kwamba wengi hulitunza waridi la nyumbani jinsi linavyotunzwa shambani, yaani kwa kupulizia dawa. Maua yakipungua, dawa. Majani yakiwa manjano, dawa. Mara nyingi dawa hiyo haikununuliwa dukani ikiwa na maandishi yake. Imetoka kwa jirani, katika chupa ya soda.

Chukueni mfano wa kubuni, ambao wengi wataona unafanana na mtaa wao. Shosho mmoja ana ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Murera. Mbele ya nyumba ana miche sita ya waridi. Nyuma ana sukumawiki, dania na kuku watano. Anaishi na mjukuu wa miaka miwili ambaye kila anachookota hukipeleka mdomoni. Waridi linapata madoa meusi, majani yanaanguka. Kijana wa jirani anamwambia, "Shosho, usijali, nitakuletea dawa kidogo." Jioni anamletea maji meupe katika chupa ya soda ya nusu lita. Shosho anapulizia nusu, na nusu anaiweka kwenye dirisha la jikoni kwa ajili ya wiki ijayo.

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Kijana alitaka kusaidia na shosho alitaka maua. Lakini sasa kuna sumu isiyo na jina, katika chupa ambayo kila mtoto anaijua kuwa ya kinywaji. Na waridi lenyewe halijapona, kwa sababu ugonjwa wake haukutokana na ukosefu wa dawa.

WARIDI LA SHAMBANI NA LA NYUMBANI

Waridi la kuuza ng'ambo hukuzwa ndani ya kivungulio, yaani nyumba ya plastiki. Mvua haligusi. Maji na mbolea hupimwa na kupelekwa kwenye shina kwa mipira ya matone. Aina zenyewe zilichaguliwa kwa sababu ya shina refu, ua linalovumilia safari ya ndege na siku nyingi katika chombo cha maua. Ndiyo maana mengi hayana harufu: wateja wa soko hilo hawakuitanguliza.

Ukilichukua waridi la namna hiyo ukalipanda nje, lipigwe na mvua ya Aprili na manyunyu ya Julai, litaugua haraka. Limetolewa mahali lilipolelewa. Kwa hiyo mtu anayeanza bustani asitafute shina refu la dukani. Amwangalie jirani ambaye waridi lake lina miaka kumi ukutani, halipuliziwi kitu, na bado linachanua. Hilo limekwisha kuizoea hali ya hewa ya hapa. Amwombe kipandikizi.

Ruiru yenyewe ina ushahidi wa jambo hili katika zao jingine. Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa walipulizia dawa mara kadhaa kila msimu kupambana na ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru wakatafuta njia nyingine: mbegu inayostahimili magonjwa hayo yenyewe. Mwaka 1985 wakatoa aina ya Ruiru 11, yenye jina la mji huu. Fundisho lake ni rahisi. Kuchagua mmea unaofaa mahali pake ni kinga inayokuja kabla ya dawa.

KUZALISHA NA KUPANDA

Kipandikizi kizuri hutoka kwenye tawi lililokwisha kutoa ua, lenye unene wa kalamu ya risasi. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20. Chini kata karibu kabisa na jicho, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu. Zamisha theluthi mbili katika udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, weka kivulini, na uhakikishe udongo una unyevu bila kutota. Baada ya wiki 4 hadi 6 vingi huwa vimetoa mizizi. Panda vitano ukitaka viwili, kwa kuwa si vyote vitashika. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, masika au vuli.

Anayenunua mche katika vitalu vya kando ya barabara aangalie kama umeunganishwa. Mche wa namna hiyo una uvimbe karibu na udongo, mahali ambapo jicho la aina moja liliwekwa juu ya shina mama la aina nyingine lenye mizizi yenye nguvu. Uvimbe huo ubaki juu ya udongo kidogo. Chipukizi lolote linalotokea chini yake ni la shina mama. Ling'olewe mapema, si kukatwa tu. Likiachwa litanyang'anya chakula na mwishowe waridi ulilolinunua litatoweka, ubaki na kichaka cha miiba. Wengi wanaosema "waridi langu limegeuka rangi" wameshindwa na chipukizi la chini.

Mahali pa kupanda pawe na jua la saa 6 au zaidi kwa siku, hasa jua la asubuhi linalokausha umande. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 45. Changanya udongo wa juu na ndoo ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mche hadi mche uache sentimita 60 hadi 90, ili upepo upite. Majani yanayobanana hukaa na maji, na majani yenye maji ndiyo yanayougua.

Udongo wa eneo letu haufanani. Upande wa juu, kuelekea Gatundu, ni mwekundu na hupitisha maji vizuri. Ukishuka mashariki, kuelekea Gatuanyaga au maeneo mengi ya Juja, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika udongo mweusi waridi lipandwe juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 20 au 30, lenye mboji nyingi. Likipandwa katika shimo lililo sawa na ardhi, shimo hilo huwa karai la maji wakati wa masika na mizizi huoza. Majani hugeuka manjano, mwenye mche hudhani ni ugonjwa, na hapo chupa ya dawa hutafutwa tena. Kumbe dawa yake ilikuwa jembe.

Mpangaji asiye na ardhi atumie ndoo ya lita 20 yenye matundu chini. Ndoo ndogo hukauka kabla ya jioni.

MAJI

Mitaa mingi ya Thika na Ruiru hupata maji kwa zamu, na kila mtu anajua thamani ya mtungi mmoja. Habari njema ni kwamba waridi lililoshika mizizi halihitaji maji ya kila siku. Wakati wa kiangazi, lita 10 kwa mche mara mbili kwa wiki hufaa kuliko kikombe kimoja kila jioni. Maji kidogo ya kila siku huishia juu, na mizizi hufuata maji huko juu ambako jua huiunguza.

Mwagilia asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Hili si suala la mazoea tu. Kuvu inayoleta madoa meusi huhitaji jani libaki limelowa kwa saa kama 7 hivi ili iweze kuingia. Anayemwagilia majani saa kumi na mbili jioni anaipa kuvu usiku mzima. Anayemwagilia shina asubuhi ameinyima nafasi hiyo, bila kutumia hata shilingi.

Funika udongo kwa matandazo ya kina cha sentimita 5: majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, au makapi ya kahawa yaliyooza, ambayo katika eneo letu si vigumu kuyapata. Yasiguse shina. Matandazo huhifadhi maji, na pia huzuia matone ya mvua kurusha vijidudu vya udongoni kwenye majani ya chini.

MKASI

Katika nchi za baridi waridi hupumzika wakati wa theluji. Hapa Thika, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna theluji. Waridi likiachwa huendelea kuchanua mwaka mzima mpaka lichoke: matawi huwa membamba, maua huwa madogo, katikati panajaa vijiti vikavu. Mkasi wa kupogolea ndio unaolipa mapumziko.

Kuna ukataji wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kila wiki. Ua likinyauka, usiling'oe kwa vidole. Shuka nalo mpaka kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano, ukate nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje. Mkato uwe wa mshazari ili maji yateremke. Kwa kawaida tawi hilo litatoa ua jingine baada ya wiki 6 hadi 8. Mashamba ya maua hutegemea hesabu hii: hukata katikati ya Desemba ili yavune kabla ya tarehe 14 Februari. Mama anayetaka maua ya ruracio au harusi ya bintiye anaweza kuhesabu nyuma vivyo hivyo.

Aina ya pili ni ukataji mkubwa, mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika. Ondoa kwanza vyote vilivyokufa, vilivyougua na vinavyosuguana. Bakiza matawi matatu hadi matano yenye nguvu, yapunguze kwa theluthi moja mpaka nusu, na uache katikati pawe wazi kama bakuli. Wengi huogopa hatua hii. Mti unaonekana umeumizwa. Lakini mvua ikinyesha, machipukizi mekundu yatajaa, na hapo ndipo pa kuweka samadi tena, nusu ndoo kwa kila mche.

Mkasi uwe mkali na msafi. Upanguse kwa spiriti unapotoka kwenye mche mgonjwa kwenda kwenye mzima. Mkasi butu huponda tawi, na pale palipopondwa ndipo ugonjwa huingilia.

MAGONJWA NA WADUDU

Matatizo manne huonekana sana katika bustani za hapa, na kila moja lina msimu wake.

Madoa meusi huja wakati wa mvua. Okota majani yote yaliyoanguka, kata yaliyougua, uyachome au uyazike mbali. Usiyatupe kwenye shimo la mboji. Jani bovu lililoachwa chini ya mti ni mbegu ya ugonjwa wa msimu ujao.

Ubwiri unga, ule weupe kama unga wa ngano kwenye majani machanga, hupenda miezi ya Juni hadi Agosti, siku za mawingu na usiku wa baridi. Kata ncha zilizoshikwa na uongeze nafasi ya upepo. Usizidishe mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi, kwa sababu huzaa majani laini ambayo ubwiri huyapenda.

Vidukari hujazana kwenye vichomozo na vitumba. Viponde kwa vidole, au vioshe kwa maji yenye kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja, asubuhi, na baada ya saa chache usuuze. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, jua kwamba wanavilinda vidukari kwa sababu ya utamu wake. Na ukiona kile kidudu cha mviringo, chekundu chenye madoa meusi, kiache. Hicho na watoto wake hula vidukari.

Utitiri mwekundu huja katika joto la Januari na Februari. Majani hupauka kama yaliyomwagiwa vumbi, na chini yake kuna utando mwembamba. Nyunyiza maji chini ya majani mapema asubuhi, siku tatu mfululizo, ili yakauke mchana. Hapa dawa kali ya wadudu huweza hata kuongeza tatizo, kwa kuwa huua wadudu wanaokula utitiri na kuuacha utitiri wenyewe uzaane. Baadhi ya mashamba makubwa ya maua hapa Kenya yenyewe hutumia utitiri mwingine unaokula huu mbaya. Ikiwa shamba lenye wataalamu linapunguza dawa, bustani ya mbele ya nyumba haina sababu ya kuiongeza.

IKIWA DAWA NI LAZIMA

Kuna nyakati ambapo mkasi, usafi na sabuni havitoshi. Hapo mwenye bustani amwone kwanza afisa wa kilimo wa wadi yake, akiwa na jani lenye ugonjwa ndani ya karatasi. Kuvu haifi kwa dawa ya wadudu, wala mdudu kwa dawa ya kuvu.

Dawa inunuliwe katika agroveti yenye leseni, ikiwa katika chombo chake, imefungwa, na ina namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB. Tazama mstari wa rangi kwenye kibandiko. Nyekundu ni sumu kali kabisa, ikifuatwa na manjano, kisha buluu, na kijani ina hatari ndogo zaidi. Nyekundu haina kazi katika bustani ya nyumbani.

Anayepulizia avae glavu, mikono mirefu na kifuniko cha mdomo na pua, wakati upepo umetulia. Watoto na kuku wawe mbali. Apulizie jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Asipulizie karibu na mboga. Chombo kikiisha kisioshwe kikawa cha maji au mafuta ya taa. Kitobolewe kisitumike tena, na afisa wa kilimo aulizwe mahali pa kukipeleka.

Na kwa hali yoyote, dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda, ya maji au ya juisi. Aliye nayo nyumbani sasa hivi katika chupa kama hiyo aiweke leo mahali palipofungwa kwa kufuli, aiandike SUMU kwa herufi kubwa, kisha amtafute afisa wa kilimo aulize namna ya kuiondoa. Isimwagwe chooni, mtaroni wala mtoni. Mitaro yetu huishia katika mito ya Ruiru, Thika na Chania, na kuna watu na mifugo wanaotumia maji hayo.

Mtoto akinywa dawa, asitapishwe. Asipewe maziwa kwa imani kwamba yatavunja nguvu ya sumu. Avuliwe nguo zilizomwagikiwa, ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni, na akimbizwe hospitali iliyo karibu, iwe Thika Level 5, Ruiru Level 4 au kituo kingine cha afya. Beba chombo cha dawa chenye kibandiko chake. Daktari akijua jina la sumu huanza tiba inayofaa mara moja. Chupa ya soda haimwambii daktari kitu, na dakika zinazopotea katika kubahatisha ni za mtoto.

KWA WANAOTAKA KUUZA MICHE

Vijana wengi wanaona riziki katika vitalu vya maua, na ni kazi ya heshima. Ila wajue kwamba aina nyingi za mawaridi ya kibiashara zina haki za aliyeziendeleza, zinazolindwa na Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, chini ya usimamizi wa KEPHIS. Kuzizalisha na kuziuza bila idhini ni kuvunja haki hiyo. Aina za zamani za bustani, zile za ukutani kwa jirani, kwa kawaida hazina kizuizi hicho, na kama ilivyoelezwa ndizo zinazostahimili. Kitalu chenye miche ya aina hizo, kila mche ukiwa na jina lake na maelezo ya kuutunza, kinaweza kupata wateja wanaorudi.

KUMALIZIA

Mrudieni shosho wa Murera. Miche yake sita haihitaji chupa ya dirishani. Inahitaji majani yaliyoanguka yaokotwe, maji yamwagwe kwenye shina asubuhi, samadi ya kuku wake mwenyewe ioze vizuri kabla ya kutumiwa, na mkasi kila Jumamosi. Masika moja hayatamaliza madoa yote. Lakini kufikia vuli mti utakuwa na majani mapya, na mjukuu ataweza kucheza chini yake bila mtu kumtazama kwa wasiwasi.

Kila anayerudi nyumbani leo afanye jambo moja kabla ya kushika waridi lolote: aangalie dirisha la jikoni, chini ya sinki na nyuma ya mlango wa stoo. Akiona chupa isiyo na jina, aanze na hiyo. Waridi litasubiri mpaka asubuhi.